Mchi wa Dani Kutoka Got Bunde

Enzi zetu, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Alipewa mdogo wake ambebe mgongoni, na akishamtua, alipewa ng'ombe akachunge. Lakini sisi tuliokulia upande wa Ogwedhi, pale Uriri inapopakana na malisho ya Wamaasai, tulikuwa na bahati moja ambayo watoto wa kwingine hawakuwa nayo. Tulikuwa na kambi ya jeshi. Jeshi lenyewe lilikuwa limeondoka kabla hatujazaliwa, ila halikuchukua kila kitu, na vile lilivyoviacha ndivyo tulivyochezea.

Kambi ilikuwa juu ya kilima tulichokiita Got Bunde, yaani Kilima cha Bunduki. Ni wanajeshi gani waliofanyia mazoezi pale, hakuna aliyejua kwa hakika. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya mzaa baba, alisema walikuwa Wazungu. Jirani yetu alisema walikuwa Waafrika waliovaa viatu vya Wazungu. Mwalimu wetu wa historia alisema jambo hilo haliko kwenye mtihani.

Kulikuwa na mahandaki manne yaliyofunikwa na vichaka vya nyabende, ambavyo matunda yake meusi tuliyala mpaka ndimi zikawa rangi ya wino. Kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe uliojaa mashimo ya risasi, na tangi la maji lisilo na maji. Mwishoni kabisa kulikuwa na chumba kidogo cha saruji chenye tundu moja la kuchungulia. Ndani mlinuka popo na mbuzi, na ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: USITEME MATE. Hatukutema. Tulikuwa watoto watiifu kwa mtu yeyote ambaye hayupo.

Mchezo wetu mkuu ulikuwa jeshi. Cheo cha jenerali kilikwenda kwa aliyefika kileleni kwanza, kwa hiyo kila siku tulikuwa na jenerali mpya, na yule wa jana alirudi kuwa askari wa kawaida bila kulalamika, jambo ambalo sijaliona tena tangu nianze kupiga kura. Tuliokota maganda ya risasi mchangani. Ukiweka ganda kwenye mdomo wa chini na kupuliza, lilitoa mlio uliobwekesha mbwa wa maboma matatu. Tuliwahi kupata kofia ya chuma, Dani akaichukua, kuku wake akaikalia akaangua vifaranga tisa. Tuliwahi kupata kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, kizima kabisa, tukatafuta cha kulia mwaka mzima.

Vijana wa siku hizi wakitaka kupanda kilima hujiandaa wiki mbili. Hununua viatu maalumu na chupa ya maji yenye mrija, kisha wakifika nusu ya njia wanauliza kama kuna mahali pa kuchajia simu. Sisi tulipanda peku. Maji tulikunywa pale ng'ombe walipomaliza kunywa, na tumbo likiuma tulipewa dawa ya minyoo. Likiendelea kuuma tulipewa nyingine.

Mama yangu alizaliwa Mbita, kando ya ziwa, na hakuwa na imani na mahali popote palipoinuka. Kila asubuhi ya likizo alitoa onyo lile lile: "Adhiambo, ukienda huko Got Bunde ukarudi umekufa, usije kunililia hapa." Nilimwahidi kwamba sitalia.

Rafiki yangu wa kupanda naye alikuwa Boke, msichana wa Kikuria wa ng'ambo ya kijito. Yeye hakujua Dholuo, lugha yetu, na mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha sokoni, kile ambacho kila kitu ni "hii" na mambo yote "iko" au "haiko". Mwalimu wa Kiswahili akitusikia alishika kichwa. Lakini tulielewana kuliko ninavyoelewana leo na watu wengi wanaoongea Kiswahili sanifu.

Mtu pekee mzima aliyejua mambo ya jeshi kijijini alikuwa Mzee Ojwang'. Alikuwa ametumikia jeshini miaka mingi, kama mpishi. Watu walimwita Jenerali Sufuria, na hata wazee wenzake walimpigia saluti kwa mwiko. Alivaa koti lake zito la jeshi hata jua la Januari likiwaka, na mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Wageni walipouliza kwa heshima kama ni risasi, alijibu, "Kabichi." Wakacheka, naye akaendelea kula. Alituambia mara nyingi tusiokote vitu Got Bunde. Tulimsikiliza jinsi mtu anavyomsikiliza mpishi akizungumzia vita.

Sasa likizo moja ya Aprili mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na ilipokatika mimi na Boke tukapanda kwenda kuona imefanya nini. Ukingo wa handaki la tatu ulikuwa umebomoka. Kwenye udongo mwekundu, vimelala ubavu kwa ubavu kama mapacha, palikuwa na vyuma viwili vinene katikati na vyembamba upande mmoja, urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidoleni. Upande ule mwembamba ulikuwa na mapezi madogo yaliyopangwa kwa mduara.

Boke alichukua jiwe akakigonga kimoja mara tatu, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyopima kila kitu kule juu. Kililia kama kitu kilichojaa.

"Hii iko na mkia," akasema. "Ni samaki ya chuma."

"Ni mbuta," nikasema mimi, kwa kuwa kwetu upande wa mama hakuna samaki mkubwa kuliko mbuta.

Tukagawana, mmoja wangu, mmoja wake. Kwa kuwa hatujawahi kupata kitu kizito na kizuri namna ile, tukaogopa wakubwa watatunyang'anya, tukala kiapo. Tulilamba udongo wa handaki na kusema kwamba atakayetoa siri ataoza ulimi. Kisha tukashuka, kila mmoja na samaki wake ndani ya kanga, tukiruka mitaro.

Wangu hakukaa mafichoni hata siku mbili. Dani alimfuma nyuma ya mtungi. Nilimwambia nimemwokota njiani, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa, maana kutoka Got Bunde mpaka kwetu ni njia tupu. Wiki ile mchi wake wa kutwangia ulikuwa umepasuka. Alimshika samaki mkia, akampima uzito mkononi, akamwosha kwa majivu na maji ya moto, na kuanzia siku ile ndiye akawa mchi wa njugu.

Dani alikuwa maarufu kwa odi, ile siagi nzito ya njugu tunayochanganya kwenye mboga na kupaka kwenye viazi. Kwa wiki tatu alitwanga njugu kwa samaki yule, akishika mkia, kichwa chini, tu, tu, tu, asubuhi na jioni. Wageni waliisifu odi ile. Walisema imelainika kuliko zamani. Dani alisema siri ni kukaanga njugu kwa moto wa polepole.

Boke alijua kuficha kuliko mimi. Wake alimweka chini ya ghala la mtama. Lakini mjomba wake, Marwa, alikuwa mhunzi, na kazi yake kubwa ilikuwa kengele za kufunga ng'ombe shingoni. Siku za soko la mifugo Ogwedhi ungesikia ng'ombe wa Marwa kabla hujawaona. Chuma kilikuwa adimu, na nusu ya kengele zile zilitokana na mabaki ya Got Bunde. Asubuhi moja, kesho yake ikiwa siku ya soko, Boke alinikuta kijitoni nikichota maji.

"Mimi leo nampelekea mjomba ile samaki," akasema. "Amesema chuma ikibaki, ananitengenezea bangili."

Nilimwonea wivu. Sikuwaza jambo lingine lolote.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa karibu utosini, Mzee Ojwang' alifika kwetu na baiskeli yake. Kila wiki alikuja kula odi kwa Dani, kwa sababu marehemu mkewe na Dani walikuwa wameolewa kutoka kijiji kimoja kule Kanyamwa. Aliegemeza baiskeli kwenye ua. Dani alikuwa kwenye kinu chini ya ukuta wa jiko, mimi nikipepeta njugu kando yake.

"Nyar Kanyamwa," akaanza kwa sauti yake ya kawaida, maana yake binti wa Kanyamwa, "leo nimekuja na njaa ya..."

Aliangalia mkono wa Dani ulivyopanda na kushuka mara moja, mara mbili. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya chini sana, na ya mtu mwingine.

"Nyar Kanyamwa. Usikiinue tena hicho. Kiache humo humo ndani ya kinu."

"Njugu bado," Dani akasema.

"Ondoa mkono wako polepole. Kama unautoa chini ya kichwa cha mtoto aliyelala."

"Ojwang', nimekwambia njugu bado hazijalainika."

"Zimelainika, mama. Hilo ni bomu. Njoo hapa kwangu."

Dani hakuwa mwanamke wa kuamriwa na mwanamume nyumbani kwake. Babu alijaribu miaka thelathini. Lakini aliutoa mkono wake, akapangusa vidole kwenye kanga, akainuka. Mzee Ojwang' akatutoa sote: mimi, Dani, mama aliyekuwa akianika dagaa wa omena nyuma ya nyumba, na mbuzi. Hakukimbia, wala hakutuacha tukimbie. Tulipofika barabarani, mbali na boma, akamtuma jirani kwa naibu wa chifu, akamwambia mama asimame pale asimruhusu mtu yeyote kuingia, hata mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa Dani, ambaye tayari alikuwa ameanza kurudi kufunika njugu zake kuku wasizile.

Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Ulikiokota wapi?"

"Got Bunde."

"Vilikuwa vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

Nataka niseme kwamba nilisita, lakini sikusita. Nilikuwa na miaka kumi, na niliuona ulimi wangu ukioza kinywani waziwazi kuliko nilivyoliona bomu. Bomu lilikuwa neno la redioni. Udongo wa handaki nilikuwa nimeulamba mwenyewe.

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akainuka. Na mimi, kwa kuwa sikuweza kumtazama, nikatazama ng'ambo ya kijito. Juu ya miti ya huko, mahali ilipokuwa karakana ya Marwa, moshi mwembamba ulianza kupanda. Marwa alikuwa amemaliza chakula cha mchana. Alikuwa anawasha moto.

Nikamshika Mzee Ojwang' koti.

"Viwili," nikasema. "Vilikuwa viwili. Kingine kiko kwa Marwa. Boke amempelekea. Anataka kutengeneza kengele."

Hakunigombeza. Sijawahi kuona uso wa mzee ukibadilika namna ile, lakini aliiendea baiskeli, akaigeuza.

"Panda," akasema. "Unionyeshe njia ya mkato."

Mama akapiga kelele jina langu, Dani akapiga kelele jina la Mzee, nasi tukateremka. Mnyororo wa baiskeli ile ulikuwa na tabia ya kutoka, na siku hiyo, sijui kwa nini, haukutoka. Nililia njia nzima, nimeshikilia koti lake. Akaniuliza jambo moja tu.

"Marwa anatumia kuni au makaa?"

"Makaa."

"Basi moto unashika haraka," akasema.

Ni swali la mpishi, na ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Kijitoni tuliitupa baiskeli tukavuka kwa miguu, maji magotini. Karakana ya Marwa ilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, tanuri katikati, na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Boke alikuwa amechuchumaa nyuma ya mivukuto, akikandamiza kulia, kushoto, kulia, kushoto, jasho likimtiririka. Marwa alikuwa ametupa mgongo, anachagua nyundo. Na samaki wa chuma alikuwa amelazwa ukingoni mwa tanuri, kichwa nje, mkia ndani ya makaa, kwa maana Marwa alitaka kuung'oa mkia kwanza.

"Boke! Acha!" nikapiga kelele.

Boke akaniona, akatabasamu. Alidhani nimekuja kuona bangili. Akavukuta kwa nguvu zaidi.

Ndipo nikasikia sauti ya jeshi kwa mara ya kwanza maishani. Haikuwa kubwa. "Wewe msichana. Mikono juu ya kichwa. Simama. Tembea uje kwangu." Boke alifanya yote matatu kabla hajajua amefanya. Alipopita karibu nami nikamkamata mkono, na sikuuachia.

Marwa akageuka na nyundo.

"Nani anaamrisha watu kwa kazi yangu?"

"Marwa, hiyo ni bomu."

"Hii?" Marwa akainyooshea nyundo, karibu aiguse. "Hii ni chuma. Na wewe, watu wote wanajua, ulikuwa mpishi."

"Ndiyo," akasema Mzee Ojwang'. "Na hiyo iko jikoni. Jikoni nasikizwa mimi. Weka nyundo chini."

Walitazamana. Makaa yalipasuka mara moja, tap, nasi sote tukashtuka isipokuwa yeye. Marwa akainama, akaiweka nyundo chini taratibu, akarudi nyuma.

Mzee akatuambia twende nyuma ya kichuguu kikubwa kilichokuwa mbali, tulale kifudifudi, tusiinue vichwa. Tukalala. Mimi niliinua. Nilimwona akivua lile koti, akalitumbukiza kwenye hori la maji ya kuzimia chuma, akalikamua kidogo. Alipiga magoti mbele ya tanuri, akalizungusha koti lile kwenye chuma chote, mvuke ukapanda ukamficha uso. Kisha akainuka nacho, mikono yote miwili chini, kifua kimerudi nyuma, akaanza kutembea. Hakutazama miguu yake. Alitazama mbele kabisa, kwenye shimo kubwa la zamani la kuchimbia udongo wa matofali, kana kwamba kulikuwa na foleni ya watu inayomsubiri huko. Palikuwa na mizizi njiani, na mawe. Boke aliuma kidole chake mpaka nikaona damu. Alifika ukingoni, akateremka shimoni hatua kwa hatua, tukamwona kichwa, kisha hatukumwona.

Sijui ilichukua muda gani. Niligusa ulimi wangu kuona kama bado upo.

Alitoka bila koti. Alitembea kuja kwetu mwendo ule ule, akakaa kwenye nyasi. Marwa akaleta maji kwenye kibuyu. Mzee alijaribu kukishika, maji yakamwagika yote kifuani. Marwa akarudi akajaza tena, na safari hii akapiga magoti akamnywesha mwenyewe, kama mgonjwa.

"Mzee," Boke akauliza, "wewe haukuogopa?"

"Nilibeba uji wa watu mia mbili kila asubuhi, kwenye matope," akasema. "Ukiogopa, unamwaga. Ukimwaga, unapigwa." Akapumua. "Afadhali kupigwa."

Marwa akauangalia mkono wake wa kushoto. "Na hivyo vidole, kwani ni kabichi kweli?"

"Kabichi," akasema Mzee Ojwang'. "Nilikuwa naangalia pembeni."

Wanajeshi walikuja siku ya tatu, lori mbili. Siku zote hizo Mzee alikaa barabarani kwetu na tawi la mti, akifukuza watu waliotoka mpaka Uriri kuja kuona mchi. Walikichukua kinu kizima kizima, njugu ndani, wakakibeba juu ya mchanga ndani ya lori, wakakipeleka kwenye lile shimo la matofali na kuvilipua vyote viwili kwa pamoja. Nilifikiri nimejiandaa. Ardhi ilipiga miguu yetu kutoka chini. Vioo viwili vya shule vilivunjika, ng'ombe wa Marwa wakakimbia na kengele zao zote mpaka upande wa Wamaasai, na kulipotulia niliona watu wazima wameketi chini bila kukumbuka kuketi. Dani akatamka jina la Mungu, mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Afisa wao, kijana mwembamba, aliuliza ni nani aliyelibeba lile la pili. Mzee akasema ni yeye. Yule kijana akamfokea mbele ya kila mtu kwamba kitu kama kile hakiguswi kamwe, watu wanaondoka na wenye kazi wanaitwa, kwamba ni bahati tu hawatuokoti vipande vipande. Alikuwa sahihi kabisa, na Mzee alimjibu, "Ndiyo, bwana," mara nne. Alipomaliza, yule afisa akasimama kidogo, akavua koti lake mwenyewe, akampa.

Mama hakunichapa siku ile. Alinikumbatia akalia, nikaogopa sana. Siku iliyofuata, moyo ulipokuwa umetulia, alinichapa, nikajua mambo yamerudi sawa. Dani alinikalisha nimwandikie serikali barua kuhusu kinu chake na njugu zilizokuwemo. Majibu hayajafika. Alikufa akiyasubiri bila haraka.

Boke hakuongea nami mwezi mzima. Babake alikuwa amemkataza kuvuka kijito. Niliukagua ulimi wangu kila asubuhi kwenye kipande cha kioo. Kisha siku moja nikamkuta kijitoni, mtungi kichwani, amesimama ng'ambo yake.

"Wewe ulivunja kiapo," akasema.

"Ndiyo."

Akatazama maji. "Asante," akasema, akapanda kwao.

Mzee Ojwang' aliheshimiwa kwa muda wa miezi miwili hivi, halafu wanaume wakarudi kumpigia saluti kwa mwiko, naye akarudi kuijibu. Wanawake hawakumcheka tena. Alipofariki, mimi nikiwa sekondari, Marwa alivuka kijito na msalaba wa chuma alioufua mwenyewe, akauchimbia kaburini bila kuomba ruhusa ya mtu. Wali wa mazishi yake uliungua, na kila aliyekula alisema angekuwepo yeye usingeungua.

Siku hizi nafundisha shule ya msingi karibu na Rodi Kopany. Boke anauza vitenge Isebania, na tunapigiana simu Jumapili. Kiswahili chetu bado ni kile kile. Desemba iliyopita niliwapeleka watoto wangu wawili Got Bunde. Kileleni kuna mnara wa simu, ua wa seng'enge na bawabu anayesinzia. Mahandaki yamejaa udongo, mtu amepanda mihogo. Binti yangu alijipiga picha, akatazama huku na huku.

"Mum, mlikuwa mnakuja hapa kufanya nini?"

"Kucheza."

"Na nini?"

Nilifungua mdomo, nikaona kwamba nikimjibu kwa ukweli nitakuwa mama mbaya, na nikimdanganya nitakuwa mama mbaya vile vile. Nikamwambia avae kofia, jua kali. Ndugu yake alikuwa amegundua kwamba chini ya mnara simu inashika vizuri kuliko nyumbani, na hatukumtoa pale mpaka jioni.

Hawa watoto ni wazuri, sisemi hawana adabu. Lakini hawajawahi kupotea hata saa moja. Hawajui tunda linalogeuza ulimi rangi, hawana rafiki ambaye lugha yake hawaijui, na hakuna siri ambayo wameilinda kwa zaidi ya dakika tano kabla ya kuitupa mtandaoni. Asubuhi za likizo nawaacha sebuleni, kila mmoja na simu yake, wanapigana vita kwa vidole gumba. Wanalipua madaraja, wanakufa, wanafufuka, wanakufa tena, na chai iko mezani inapoa. Nasimama mlangoni nikiwatazama, nawahurumia kwa moyo wangu wote. Sisi tuliishi. Kisha natoka kwenda sokoni, nafunga geti kwa kufuli, na kabla ya kuondoka nalivuta mara mbili kuhakikisha limefunga.